Bambo

Somoe ameketi juu ya gunia lisilohesabiwa,
simu imechomekwa ukutani, waya mfupi,
shingo imepinda kama ya mtu anayenong'onezwa.
Anasema: baba, hiki hapa ni cha nne.
Anapangusa kioo. Hapa ni cha kumi na tisa.
Orodha ya tatu, hakimo.

Chuo kilekile, namuuliza, au majina yamegongana?
Kilekile. Geti lilelile.

Mimi ni mpima korosho wa ghala hili la Newala,
mwaka wa ishirini na mbili sasa. Najua vitu vichache.
Nachoma gunia kwa bambo, juu, kati, chini,
maana mjanja huweka nzuri mdomoni.
Nakata. Natenga kiini kilichojaa na kilichosinyaa,
kilichooza, chenye madoa, kila fungu mizani yake,
kisha naandika,
na ninachoandika ndicho kinachokwenda mnadani.

Basi nieleze, nasema, hawa walichoma wapi?

Anasoma. Wa kwanza wanahesabu makala,
na makala hizo zimetajwa na wangapi.
Yaani korosho bora ni ile iliyosemwa sana.
Wa pili waliwaandikia maprofesa wa mbali:
tajeni vyuo mnavyoviona vizuri.
Nikacheka mpaka mate yakanipalia.
Kamuulize mtu wa Bukoba korosho ya Kitangali!
Atakujibu, kwa heshima zote, kwamba nzuri ni ya Mtwara mjini,
kwa kuwa jina hilo ndilo alilowahi kulisikia.
Wa tatu wanahesabu kurasa za mtandaoni,
sawa na kupima shamba kwa upana wa kibao chake.
Wageni wangapi. Fedha za utafiti kiasi gani.
Mwalimu mmoja kwa wanafunzi wangapi:
hicho nikakipenda. Na huyo mwalimu, nikauliza, darasani huingia?
Hawakuandika, baba.

Nikanyamaza, maana nilimkumbuka Nalimonga
wa Mkoma, msimu ule lori lilipovunjika ekseli.
Korosho yake ilikuwa safi, naapa, niliiona ikianikwa.
Ikalala njiani siku tisa, mvua ikawahi,
turubai lina matundu,
ikanifikia na unyevu wa kumi na nne.
Nikaandika: daraja la pili.
Nilikuwa sahihi. Mizani haikudanganya.
Ila nilipima barabara, sikupima mkorosho,
na jina lililobaki kwenye stakabadhi ni la Nalimonga.
Mpaka leo hunisalimia bila kusimama.

Kwa hiyo niziache zote? anauliza Somoe.
Nusura niseme ndiyo. Neno lilishafika kwenye meno.
Lakini kangomba nimeiona mimi,
bakuli lisilo na kipimo, mlangoni, usiku,
mama wa watoto watano akipokea noti mbili
kwa mavuno ambayo bado yako mtini.
Pasipo mizani, mwenye bakuli ndiye mizani.
Zitupe orodha, halafu uone nani atakuja kukunadia chuo
kwa kipeperushi cha rangi na fulana ya bure.

Usizitupe. Soma zote tatu,
kila moja uiulize ilichoma gunia gani,
na lipi halikuguswa.

Yeye anataka upimaji wa ardhi. Hilo sikulitaja mapema.
Anataka kushika kamba na vigingi, watu wapate hati zao.
Labda ndiyo maana hakunicheka.

Ukungu umeingia ghalani, taa imekuwa na manyoya.
Akainuka, akalitungua bambo msumarini,
akaligeuzageuza kama anayekagua kijiko cha ugenini,
huku mkono wa pili ukimpigia binti wa Kitangali
aliye mwaka wa pili palepale, kwenye cha nne,
au cha kumi na tisa.

Swali sikulisikia lote. Nilisikia mwisho wake:
"...na wa hesabu? Huja?"
Kimya upande ule.
Halafu kicheko kirefu, halafu sauti ikashuka,
"Sikiliza, Somoe, nikwambie..."

na salio likaisha.